Jemedari Majivu wa Miyuji

Sura ya Bartolomayo Mhembano, Mungu aliitumia mara mbili. Mara ya kwanza aliiweka kwake yeye, ikawa sura ya muuza mkaa. Baadaye akaiweka kwa mdogo wake Stanley, ila safari hii aliipiga pasi kwanza, kisha akaivalisha sare ya kijani ya mradi wa miti. Wakisimama pamoja ungedhani ni mtu mmoja kabla na baada ya kuoga.

Stanley alipanda miche kando ya barabara. Bartolomayo alikata miti Haneti, akaichoma kwenye tanuru, akashuka na magunia kwa baiskeli hadi Miyuji, ukingoni mwa mji. Miaka ile ruksa ya kila mtu kufanya biashara ilikuwa imetangazwa, maduka ya ushirika yamebaki na popo, na kila mtu anauza anachoweza kubeba. Yeye aliweza kubeba mkaa. Kusema ndiko alikoshindwa. Ukimsalimia akienda, jibu ungelipata akirudi.

Ukimya huo ndio uliompendeza Raheli, mjane mshona nguo wa Mvumi. Marehemu mumewe alikuwa akisema kwa mdomo, na mdomo ukichoka akasema kwa ngumi. "Huyu akinyamaza ndo basi kanyamaza," alimwambia jirani yake. "Nitalala usingizi."

Bartolomayo akapeleka posa. Mwenye kauli alikuwa mjomba aliyemlea Raheli, mzee Ndahani, naye akasema hajibu kabla hajamwona mtu mwenyewe kwa macho yake.

Hapo pana jambo ambalo kila mtoto wa Kigogo analijua. Ukoo wa Bartolomayo na ukoo wa Ndahani ni watani tangu enzi za mababu. Mtani wako unamtukana sokoni, unamtukana hata maiti yake ikiwa imelala ndani, na hakuna wa kukasirika. Lakini siku unapopeleka posa kwake, utani umekufa. Yule sasa ni mkwe. Mkwe unampisha njia na macho unayainamisha. Bartolomayo aliyajua hayo vizuri kuliko alivyojua kuchana nywele.

Juma ambalo Ndahani alikuja mjini ndilo juma mradi wa miti ulipoleta katuni. Pikapu ilizunguka na televisheni, deki na jenereta. Kwenye katuni kulikuwa na Jemedari Chipukizi, shujaa anayeruka angani na kuotesha msitu kwa ncha ya kidole. Adui yake aliitwa Jemedari Majivu. Wabaya walimtengeneza kwa jasho la Chipukizi mwenyewe, wakalichanganya na uchafu wa viwanda, akatoka na sura ile ile na misuli ile ile, ila ameoza, wa kijivu, na masikio yanafuka moshi. Watoto walitazama, wakampenda Majivu. Chipukizi alikuwa anahutubia mno.

Kabla ya zamu ya Miyuji, deki ikatafuna mkanda. Afisa wa mradi, Bi Shamila, binti wa wafanyabiashara wa mjini, akauvuta ule utepe kama anayevuta utumbo wa kuku, akakata tamaa.

"Tutaigiza wenyewe," akasema. "Stanley, wewe Chipukizi. Majivu tunamtoa wapi mwenye sura kama yako?"

"Majivu ninaye nyumbani, Bi Shamila. Hata kumpaka masizi huna haja."

Jioni akamwambia kaka yake, "Kaka, unasimama tu. Unaguna, nakupiga, unaanguka. Maneno niachie mimi."

"Mjomba wake Raheli atakuwepo?"

"Kiti cha mbele kabisa."

Bartolomayo akakubali. Aliona kwamba mtu aliyeitwa na watu wa pikapu mbele ya kadamnasi hawezi kunyimwa mke.

Uwanja wa shule ulijaa. Bartolomayo akatoka, uso mweusi tii, akasimama kama mlingoti usio na bendera. Akaguna. Mtoto mmoja akapaza sauti, "We Majivu, mbona umezimika?"

"Nimezimika kama jiko la kwenu saa ya chakula!"

Hakujua jibu hilo limetoka wapi. Uwanja mzima ulipasuka. Tangu azaliwe, watu walikuwa wamemcheka mara nyingi, lakini hawajawahi kucheka kwa sababu yeye ametaka. Jambo hilo lilikuwa tamu kupita asali ya Haneti. Akamgeukia Stanley.

"Na huyu ndiye Chipukizi! Miche yake mbuzi wanaijua mmoja mmoja kwa jina!"

Wakacheka. Akamgeukia katibu kata. "Na wewe, shimo lako la kupigia picha bado lipo, au mwaka huu limepata mti?"

Watu wakashikana mabega. Wengine waliketi chini kabisa. Hapo ndipo macho yake yalipomwangukia mzee aliyekaa mbele, koti zito juani, fimbo katikati ya magoti. Mwenye akili angemwona mkwe. Bartolomayo, kichwa kimejaa vicheko, alimwona mtani.

"Kumbe na ukoo wa wala makapi umo! Mbukwa, mzee! Ng'ombe wenu wamekonda hadi kunguru wanawapita bila kutua. Nipe huyo mpwa wako upesi, kabla hujamtafuna na yeye!"

Watu wa mjini walicheka mpaka machozi. Mabibi wa Kigogo waliziba midomo kwa kanga. Raheli, ambaye mpaka dakika hiyo alikuwa akicheka kama wengine, alitazama chini.

Stanley alielewa. Ufito ulikuwa mkononi mwake, na kazi yake ilikuwa kumwangusha kaka yake, igizo liishe. Akasubiri. Akamwacha aongeze la meno ya mzee, na la nyumba yake. Ndipo akampiga, na watoto wakaangua shangwe.

Bartolomayo alinawa haraka, akaenda kupiga magoti mbele ya Ndahani. Masizi yalikuwa bado masikioni.

"Shikamoo, baba mkwe."

"Baba mkwe nani?" Ndahani akacheka, cheko safi lisilo na hasira, na hilo ndilo lililomtia baridi Bartolomayo. "Inuka, mtani wangu! Umenivunja mbavu. Uliniletea posa, nikawa mkwe. Leo umenirudisha kwenye utani mbele ya watu, nami nimerudi. Siku nikifa njoo unitukane vizuri. Lakini mtani huyu huyu anayenitukana hadharani simpi binti."

"Lilikuwa igizo, mzee."

"Ya kuguna yalikuwa igizo. Yale mengine nimemuuliza mdogo wako. Anasema hukufundishwa hata moja."

Bartolomayo akamtazama Raheli. Raheli alikuwa anapangusa vumbi kwenye sketi.

"Nilikupenda kwa kunyamaza," akasema polepole. "Kumbe ulikuwa unajaza maneno."

Ndahani alishaangalia upande mwingine, kule Stanley alikokuwa akikunja vazi lake la kijani. "Yule mpole ana mke?"

"Bado," akajibu Bi Shamila, aliyependa kusaidia.

Harusi ilifungwa Mvumi baada ya mavuno. Ndahani mwenyewe ndiye aliyemtuma mtu Miyuji: bwana harusi ni mkwe na aheshimiwe, lakini kaka yake aje kama mtani, shughuli isidorore. Bartolomayo akaja. Watoto wakampaka masizi kabla hajashuka vizuri kwenye baiskeli. Alimtukana Ndahani, akawatukana wazee, akamtukana bwana harusi, na Raheli alicheka hadi shela ikamtoka kichwani.

"Mpeni shemeji chakula, jamani, amechoka," akasema, akijifuta macho.

Stanley akaelekeza sahani ipelekwe nyuma, jikoni, kwa sababu vitambaa vya meza vilikuwa vyeupe na vya kuazima. Bartolomayo alikula amesimama. Watoto walimzunguka wakisubiri ameze, aanze tena.