Kitanda cha Dada

Dada yetu mdogo alizaliwa asiweze kutembea wala kusema, na baba, kabla hajafa, aliweka fedha za matunzo yake kwa wakili mmoja wa Nakuru. Dada alifariki mwaka wa 2008. Tulipomaliza kumzika kule Bahati, wakili alituita ili amana hiyo ifungwe.

Alitueleza kwamba deni la hospitali lingelipwa kwanza. Kilichobaki, pamoja na vitu vilivyonunuliwa kwa fedha hizo, tungegawana sisi watoto watatu. Katika hati ya amana, baba hakuwa amemtaja mama.

Mama alikuwa ameketi karibu na mlango. Ndiye aliyemlisha dada, akamwogesha na kumgeuza kitandani miaka yote hiyo.

"Nina ombi moja," alisema. "Mniachie kitanda chake."

Alikuwa akituomba sisi, watoto wake. Nasi, badala ya kumjibu mara moja, tulitazamana. Kilikuwa kitanda kama cha hospitali, cha bei.

"Sawa, mama, chukua tu," kaka mkubwa akasema hatimaye.

"Asanteni," mama akajibu, akainamisha kichwa.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Hata hivyo, kalamu iliponifikia, nilitia sahihi ya kupokea fungu langu.