Odilon wa Taa

Odilon Haché, mume wa shangazi yangu Aldéa, alikuwa mtu wa maneno machache, na kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kazi ya kukaa kimya. Kila mara Fisimaji, timu yetu ya mpira wa magongo wa barafuni, walipocheza nyumbani, alikaa kwenye kibanda cha vioo nyuma ya goli la upande wa kaskazini, kibanda chenye nafasi ya mtu mmoja na koti lake, kidole kikiwa juu ya kitufe. Kisahani, kile kinachopigwa kwa magongo badala ya mpira, kikivuka mstari, anabonyeza, taa nyekundu inawaka juu ya kichwa chake, na ukumbi mzima unajua ni goli. Kisipovuka, hafanyi kitu. Mchana alikuwa fundi wa mashine kwenye kiwanda cha karatasi, lakini hakuna aliyemwita fundi. Mji wetu mzima wa Anse-aux-Loutres ulimwita Odilon wa Taa.

Alishika kazi hiyo tangu timu ilipokuja mjini, enzi ambazo viti vya uwanja wa barafu vilirithiwa kama mashamba. Mtu akifa, kabla hata hajazikwa, ndugu wanateta ni nani atakayekaa kwenye kiti chake Jumamosi. Barafu iko chini na nje kuna baridi ya kupasua mawe, lakini ndani watu wanavua makoti kwa joto la pumzi zao. Shangazi Aldéa alikuwa akisema, "Mume wangu ana wake wawili, mimi na ile barafu. Na yule mwenzangu hajawahi kumwomba akapasue kuni."

Kisha kiwanda kikazima mashine moja, mwaka uliofuata nyingine. Watu wakaanza kuelekea magharibi, Alberta, kwenye visima vya mafuta. Mimi niliuza tiketi dirishani, kwa hiyo niliwaona wakiondoka kabla hawajaaga. Mtu aliyekuwa akinunua tiketi za familia nzima anakuja kununua mbili. Baadaye moja. Baadaye anapita tu kuuliza matokeo, na siku moja hapiti tena. Binti wa Odilon mwenyewe, Mireille, alikwenda huko na mumewe, na chumba chake cha juu kikabaki na kitanda kilichotandikwa.

Ukumbi ulipopungua watu, sauti zake zikabadilika. Kocha akitukana, padre anasikia upande wa pili. Kisahani kikigonga ubao, mlio unazunguka juu ya viti vitupu na kurudi. Nilimwona Odilon wakati wa mapumziko akisimama kibandani na kuangalia viti, safu moja hadi nyingine, midomo ikicheza. Nilimuuliza siku moja anahesabu nini.

"Sihesabu," akasema. "Nawasalimia."

Mwenye timu alikuwa Bwana Prescott, mtu wa Ontario, mpole, mwenye viatu visivyofaa theluji. Majira ya baridi ya mwaka tisini na tatu alikuja kwenye ukumbi wa parokia, akasimama mbele yetu na kusema bila kuficha kwamba kuna jiji huko Virginia linaitaka timu. Jiji ambalo, alisema baba yangu kwa sauti ya kutosha, barafu wanaijua ndani ya glasi tu. Watu wakacheka. Prescott naye akacheka kidogo, kisha akasema neno lililotushika wote: "Ingieni kwenye mtoano. Jazeni ukumbi. Mkifanya hivyo, nabaki."

Baba yangu, Rhéal Savoie, ndugu yake Aldéa, hakulala tena vizuri tangu siku hiyo. Alichukua gari la kubebea samaki, akalisafisha, akawa anazunguka vijijini kuwachukua wazee waliokuwa wameacha kuja. Shangazi alipika fricot, ule mchuzi wetu wa kuku na viazi, sufuria kubwa mlangoni mwa uwanja, bakuli kwa kila aliyeingia. Na timu yenyewe, sijui ilisikia harufu ya mchuzi au ya kuhamishwa, ikaanza kushinda.

Aliyewapa ushindi zaidi alikuwa kipa, Darrel Wiebe, kijana mrefu wa nyanda za Saskatchewan. Alikuwa akikaa kwa Odilon, kwenye chumba cha Mireille. Alimwita shangazi Mama, na alikula kama mtu anayejaza ghala. Odilon alimpenda kwa namna yake: alimnolea viatu vya barafu asubuhi bila kuombwa, na jioni walikaa jikoni wakisikiliza redio, wote wawili kimya, mpaka shangazi akasema, "Jamani, mtu mmoja akohoe, nijue mko hai."

Ikafika mechi ya mwisho kabla ya mtoano. Sare ilitosha. Siku hiyo nilifunga dirisha mapema kwa sababu tiketi zilikwisha, jambo nililokuwa nimesahau kwamba linawezekana. Watu walisimama kwenye ngazi. Walikuwepo waliokuja kutoka Moncton, waliohama zamani, wakikumbatiana na majirani wa viti vyao. Nilipita nyuma ya kibanda nikamwona Odilon anaangalia watu, macho yamelowa, amesahau hata kuvaa kofia yake.

Mechi ilikuwa mbili kwa mbili, dakika za mwisho kabisa. Wageni wakapiga kwenye lango la kaskazini. Wachezaji wakaangukiana mbele ya Darrel, rundo la miguu na magongo, na Darrel akawa chini kabisa, glavu imefunika kisahani. Refa akakimbilia pale lakini migongo ilikuwa imemziba. Ukumbi ulianza kushangilia kipa ameokoa.

Taa nyekundu ikawaka.

Nimeshawahi kuwa makaburini wakati jeneza linashushwa, lakini sijapata kusikia kimya kama kile. Refa akaja hadi kwenye kioo cha kibanda. Nilikuwa bado hatua chache nyuma ya kibanda, na nilisikia.

"Mzee, una uhakika?"

"Nina uhakika."

"Mimi sikuona. Ukisema hapana, ni hapana."

Odilon akamtazama Darrel, aliyekuwa amepiga magoti golini, kofia ya chuma imeinuliwa juu ya paji. Darrel akageuza uso.

"Kilivuka mstari," Odilon akasema. "Glavu ilikirudisha."

Refa akanyoosha mkono kuelekea golini. Tatu kwa mbili, na ikaisha hivyo.

Hakuna aliyempiga. Sisi si watu wa kupiga. Watu walitoka wakipita mbele ya kibanda chake mmoja mmoja, na kila mmoja alitazama mbele. Baba yangu peke yake ndiye aliyesimama.

"Shemeji," akasema, "kidole chako kilikuwa na haraka gani?"

"Kilivuka, Rhéal."

"Nakuuliza kidole. Sikuulizi kisahani."

Baba akavaa kofia yake, akaenda zake, na tangu siku ile hakukanyaga nyumba ya dada yake.

Asubuhi yake nilikwenda kwa shangazi kumsaidia kuosha masufuria. Odilon na Darrel walikuwa mezani, uji wa shayiri mbele yao haujaguswa. Shangazi alikuwa amewapa mgongo, anasugua jiko lililokwisha kuwa safi.

"Ungeweza kunyamaza, Mzee," Darrel akasema mwishowe. "Kunyamaza ndiyo kazi yako."

"Na wewe ungeweza kusema."

"Mimi ni kipa. Hakuna kipa anayejifunga kwa mdomo."

"Basi kila mtu alifanya kazi yake."

Darrel akasukuma bakuli. "Mimi naweza kucheza popote. Virginia, Texas, popote penye friji kubwa. Mtakaobaki hapa ni nyinyi. Hukufikiria hilo?"

Odilon akaangalia mikono yake. "Nililifikiria," akasema. "Kabla ya kubonyeza nililifikiria, ndiyo maana nilichelewa. Sijawahi kuchelewa hata siku moja. Usiku kucha nimekuwa nikiona aibu ya kule kuchelewa."

Shangazi akageuka, brashi mkononi. "Kuleni uji. Timu inaweza kuondoka, lakini shayiri yangu haitupwi."

Wakala.

Prescott aliondoka nayo mwezi wa Mei, barafu ya ghuba ilipokuwa inavunjika na wavuvi wa kambakoche wanatengeneza mitego. Wengine walisema angekwenda tu, hata tungeshinda. Wengine walisema mkataba ulikuwa mezani na kalamu juu yake. Mimi sijui, na sijakutana na mtu anayejua. Lori moja likabeba kila kitu: magongo, jezi, mashine za kunolea, hata bendera za ushindi zilizokuwa zikining'inia darini. Darrel alikuja kuaga. Alimkumbatia shangazi mpaka akamwinua kutoka sakafuni. Kwa Odilon alinyoosha mkono, wakashikana, wakaachiana.

"Utakuja huko siku moja, Mzee?"

"Joto lile? Nitayeyuka."

Majira ya joto yalipita. Watu walimsalimia Odilon dukani kama mtu anavyomsalimia daktari aliyemwambia habari mbaya, kwa heshima na kwa mbali. Vuli ilipokuja, ndipo tulipojua tumepoteza nini. Jumamosi jioni ilifika na hakuna mahali pa kwenda. Watu walikuwa wakitembea kuelekea uwanjani kwa mazoea, wanafika kwenye kona, wanakumbuka, wanajifanya walikuwa wanakwenda kwenye mkahawa. Nilifanya hivyo mimi mwenyewe, na funguo za dirisha zikiwa bado mfukoni kwangu.

Odilon alianza kupotea jioni. Giza likishaingia, saa kumi na mbili, anavaa koti la kazi, anachukua pikapu yake na kuondoka. Shangazi hakumuuliza. Aliniambia, "Kama ni mwanamke, basi ni mwanamke anayemweka kwenye baridi, maana anarudi meno yanagongana."

Alikuwa akipanda kilimani, kwenye uwanja ulio nyuma ya kanisa. Pale juu, usiku ukiwa wa baridi kavu na anga safi, redio ya gari ilikamata kituo cha Virginia. Si vizuri. Sauti ilikuja na kuondoka, ikizama kwenye mvumo kama mtu anayezungumza huku anaogelea. Lakini mtangazaji alikuwa akitaja majina yale yale, na Odilon aliyajua kwa miguu yao, jinsi kila mmoja alivyokata barafu. Alikuwa akisikiliza mikono ikiwa mapajani, na Darrel alipookoa, alikuwa akitikisa kichwa taratibu.

Baba yangu alijua. Mji wetu ni mdogo, na pikapu ya Odilon ina taa moja ya nyuma isiyowaka. Alijaribu kukamata kituo hicho nyumbani, akapanda juu ya paa na waya, akashuka na mafua. Alijaribu kwenye gari la samaki, lakini redio yake ilikufa siku nyingi. Kwa wiki kadhaa alizunguka nyumbani akinung'unika kwamba hajali, anataka tu kujua kama wanafungwa, moyo wake utulie.

Jioni moja ya Januari alitoka kwa miguu. Yaliyofuata alinisimulia yeye mwenyewe. Alipanda kilima, theluji magotini, akafika kwenye pikapu na kugonga kioo. Odilon akafungua mlango, akatoa gazeti na chupa ya chai kwenye kiti. Baba akaingia.

Walisikiliza kipindi kizima bila kutazamana. Mwishowe baba akauliza, "Wanaitwaje siku hizi?"

"Pelikani."

"Pelikani. Ndege wa pwani za joto, kwenye barafu."

"Ndiyo."

"Mungu ana subira."

Odilon akamkabidhi kikombe. Mtangazaji alikuwa anasema watu ni wachache ukumbini usiku huo, kwamba mvua imewazuia. Baba aliniambia alipoyasikia maneno yale, alikishusha kikombe bila kunywa. Alidhani angefurahi. Akawaona Fisimaji wetu katika ukumbi mwingine mtupu, mbali na nyumbani, kisahani kinagonga ubao na mlio unarudi, na hakuna hata bakuli la mchuzi mlangoni.

"Odilon," akasema. "Kile kisahani. Kilivuka kiasi gani?"

Odilon akainua kidole gumba, akaonyesha upana wa ukucha.

Baba akautazama ule ukucha. "Ningekuwa mimi, nisingebonyeza," akasema.

"Najua."

"Na kwa aibu ya hilo nisingeweza kuja kukaa hapa kusikiliza."

Tangu jioni ile wakawa wanakwenda pamoja. Shangazi aliwafungia mkate na jibini, akasema sasa mumewe ana wake watatu na huyu wa tatu ni ndugu yake mwenyewe, aibu gani hii. Mara nyingi hawakusikia matokeo. Mechi inakuwa sare, sauti inazama, na haiibuki tena. Baba alisema hapo ndipo walipokuwa wanachelewa zaidi kurudi. Injini inanguruma, vioo vinaganda kwa ndani, na wao wanabishana juu ya dakika zilizobaki: nani ana kisahani, nani yuko wazi kushoto, kama Darrel ametoka golini mapema mno kama kawaida yake. Walizicheza wenyewe hadi mwisho, dakika moja baada ya nyingine, huku mji uko chini yao na paa la uwanja limejaa theluji ambayo hakuna aliyepanda kuikwangua.