Moyo wa Ngazi

Nakiri mapema: nilimwonea wivu mdogo wangu tangu siku aliponishinda mbio, yeye msichana wa darasa la tatu nami wa la saba. Sikuacha hata nilipokuwa mwanamke mzima mwenye cherehani yangu mjini.

Kila asubuhi alitoka nyumbani kwetu mtaa wa Satellite, akakimbia kuelekea mitaa ya matajiri ya Lavington, akazunguka Muthangari na kurudi kabla chai haijachemka. Walinzi kwenye mageti ya huko walimpungia mkono. Mimi nikipita palepale, waliniuliza ninaenda kwa nani.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili alitafuta kazi, akapelekwa kupimwa, akarudi na picha ya eksirei ndani ya bahasha kubwa ya kaki. Moyo wake ulikuwa umekua kupita kawaida. Mama alishika kichwa, lakini daktari alikuwa ameeleza kwamba hizo ni mbio tu. Moyo ni msuli. Ukiupa kazi ya kusukuma damu nyingi kwa miaka, vyumba vyake hupanuka na mapigo hupungua, na mtu ni mzima kabisa. Kazi akapewa, akahamia huko.

Basi mama akapata pambo. Kina mama wa kanisa walipokuja Jumapili kuomba na kunywa chai, bahasha iliteremshwa kutoka juu ya kabati na picha ikabandikwa kwenye kioo cha dirisha ili mwanga upite.

"Oneni hiyo moyo," mama alikuwa akisema. "Hiyo ni ya kukimbia."

Walisogea, wakakiangalia kile kivuli cheupe kati ya mbavu, wakamshukuru Mungu. Mimi ndiye niliyekuwa mlangoni na birika. Roho iliniuma, sitadanganya.

Nilishona nguo ghorofa ya nne, katika jengo la katikati ya mji ambalo lifti yake ilikufa zamani. Mwaka wangu wa tatu pale nikaanza kupumzika ghorofa ya pili, halafu kila ghorofa, nikihema huku wateja wakinipita. Nikaenda hospitali. Daktari alinipima presha mara tatu, akaniagizia picha, akaiinua kwenye mwanga na kusema moyo umekua.

Nilitabasamu. Mungu anisamehe, lakini nilitabasamu.

"Sasa unafurahia nini?" akauliza.

Nikamweleza habari za mdogo wangu. Akavuta karatasi, akachora mioyo miwili. Wa mdogo wangu una vyumba vipana. Wangu kuta zake zimenenepa, kwa sababu presha iko juu na kila pigo ni kusukuma mlango uliofungwa.

"Yake inapumzika akimaliza kukimbia," alisema. "Yako haijawahi kumaliza."

Akaniandikia vidonge vya kila siku. Nisipovimeza, alisema, moyo utapanuka na kulegea, halafu utashindwa kazi.

Nilirudi nyumbani na bahasha yangu ya kaki. Kabla sijafungua mdomo mama aliinyakua, akaibandika picha yangu kando ya ile nyingine, akazilinganisha.

"Kumbe hata wewe," akasema. "Ni zile ngazi za kazini."

Nikamwacha aamini hivyo. Jumapili iliyofuata kina mama wakaambiwa nyumba hii ina mioyo miwili ya mazoezi, na mmoja akanishika mkono akasema nimebarikiwa. Nilikuwa na miaka thelathini na minne na hakuna aliyewahi kuusifia mwili wangu. Vidonge nikavificha ndani ya kopo la vifungo, vikakaa humo, maana mwenye moyo wa mazoezi hamezi dawa mbele ya watu. Mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo niliijua vizuri sana.

Miezi ikapita, ngazi zikazidi kurefuka. Mdogo wangu akaja likizo na goti bovu. Hakuwa amekimbia karibu mwaka mzima, na alikuwa na picha mpya: moyo wake ulikuwa umerudi karibu na kawaida. Akasimama dirishani, akaitazama yangu kwa muda mrefu.

"Dada, hii yako daktari alisema ni ya nini?"

"Ngazi."

"Ngazi gani? Wewe ukifunga tu kiatu unahema."

Hapo nikamwaga nyongo yote. Nikamwambia moyo wake ulikua akasifiwa, na sasa umepungua atasifiwa tena, lakini wangu ni wa presha, hauna pa kurudi. Nikamtajia hata zile mbio za darasa la saba. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Dawa ziko wapi?"

Nikamletea kopo. Alipoona limejaa, alikaa sakafuni akalia. Sikuwahi kumwona akilia, hata aliposhindwa.

Nikaenda mwenyewe jikoni kumwambia mama ukweli. Alikuja akazibandua picha zote dirishani.

Jumapili hiyo kina mama waliniweka kwenye kiti katikati ya sebule, wakaniwekea mikono mabegani, wakaniombea mmoja baada ya mwingine. Nilimeza kidonge changu mbele yao wote. Hakuna aliyeuliza habari za goti. Mdogo wangu alikuwa mlangoni na birika, mguu mmoja ameuegemeza ukutani, akitutazama. Macho yale niliyajua, maana nilikuwa nimesimama nayo hapohapo kwa miaka.