Shamba Namba Sifuri

Leo nakiri nililolikana kwa miaka mitatu: sifuri ni shufwa. Aliyejaribu kunielewesha ameaga dunia. Tulimzika kijijini kwetu Werugha juma lililopita, nami nimerudi Voi na huzuni na, mniwie radhi wasomaji, msisimko wa mtu aliyeshindwa hoja vizuri.

Alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu na kompyuta, jirani ya mama yangu, na ndiye aliyepanga zamu za maji ya mfereji wetu. Mashamba aliyapa namba kuanzia tangini, na la mama, linalopakana na tangi, likawa sifuri. "Kompyuta huhesabu hivyo," alitueleza. "Namba ni hatua kutoka mwanzo. Mama hajapiga hata moja." Namba shufwa, zinazogawanyika kwa mbili bila baki, zingepata maji Jumanne; witiri, zinazobakiza moja, zingepata Alhamisi. Nikasimama mkutanoni na digrii yangu ya fasihi. "Sifuri si kitu! Si shufwa wala witiri." Nilitaraji mama apewe siku zote mbili. Kamati ya mfereji ilinikubalia kabisa, ikamnyima zote.

"Hiyo digrii inamwagilia kabeji?" mama aliniuliza njiani.

Kwa desturi ya mfereji ule, pingamizi huondolewa na aliyelileta tu. Mwalimu akanijia akicheka. "Mwanangu, gawa sifuri mafungu mawili sawa. Kunabaki nini?"

"Hakuna."

"Basi?"

"Basi nitafikiria."

Nilifikiria miaka mitatu. Matangani ndipo nilipojua kwamba muda wote huo, kila Jumanne, alimwachia mama nusu ya maji ya shamba lake, namba nne. Kabeji nilizokuwa nikibeba kurudi nazo Voi zilikuwa zimenyweshwa na hoja niliyoikataa. Simu ninayoandikia safu hii imejaa sifuri na moja, na hakuna inayoambiwa isubiri nje. Wasomi ndio tunaowafukuza wenzetu kwenye hesabu, tena kwa ufasaha.

Jana simu hiyo ikalia. Alikuwa katibu wa kamati, mkutano ukivuma nyuma yake.

"Dada, binti za Mwalimu wamepanda viazi, wanahitaji maji yao yote. Pingamizi lako bado limo kitabuni. Unaliondoa, ama mama akae kavu?"

"Naliondoa! Sifuri ni shufwa!" Ofisi nzima iligeuka kunitazama.

Kutoka mkutanoni nikaisikia sauti ya mama: "Na leo ni Jumanne. Fungueni."