Jina la Karani

Mfumo wa kompyuta wa soko la samaki la Dunda niliuunda mimi, na nilijiona fundi kwelikweli. Msimamizi wa soko akishabonyeza kitufe, aliendelea na mambo yake, huku kazi ndefu ya kutuma ujumbe kwa kila mwenye kizimba ikifanyika nyuma, peke yake. Shida ni kwamba kule nyuma mfumo uliikumbuka kazi, ukamsahau aliyeiagiza. Na bila jina la mtu, ujumbe hautoki.

Dawa niliijua: jina la mwagizaji lisafiri pamoja na kazi yake. Ilitaka siku mbili za kuumiza kichwa, na mimi mvivu. Karani wa soko, mama wa makamo aliyenikaribisha chapati kila nilipofika, alikuwa amenipa nywila yake nijaribie. Nikaipachika mle ndani ya mfumo pamoja na jina lake, nikaiacha. Tangu hapo kila kilichotumwa kutoka nyuma kilikwenda kwa jina lake. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Asubuhi moja msimamizi alifuta vizimba vyote vya wakaanga samaki. Simu zao zikalia kwa pamoja: kizimba chako kimefutwa. Chini yake, jina la karani.

Walimkuta mezani, nami nimekaa pembeni yake. Wa kwanza alimng'oa ushungi, wa pili akampiga bega la kulia kwa rungu la kupondea pweza. Niliusikia mfupa ukivunjika.

"Wallahi sikutuma mimi!" alilia.

Msimamizi, aliyejua fika nani kabonyeza, aliwageuzia kompyuta waone kumbukumbu za mfumo. Jina la karani hilo hapo. Mkaangaji mmoja mwenye kifua kama mlango akanigeukia.

"Fundi, mtambo huu unaongopa?"

Nilimwogopa. Nilichoogopa zaidi ni kuonekana mjinga.

"Hauongopi," nikasema.

Akatoka, akarudi na karai la mafuta ya moto, akammwagia karani mkono ule ule wa kulia. Ngozi ilibabuka mbele ya macho yangu. Mpaka leo samaki wa kukaanga sili.

Alasiri nilimfuata hospitali.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu niambie wewe unayejua, nilibonyeza saa ngapi? Nimewaza weee, sikumbuki. Labda nilijisahau."

Afadhali angenitukana. Alikuwa ameanza kuuamini mtambo wangu kuliko kichwa chake mwenyewe.

"Hukubonyeza, mama. Jina lako nililiweka mimi."

Akanizaba kofi kwa mkono wa kushoto, kwa nguvu zake zote, hata mpira wa dripu ukachomoka na damu ikaruka kwenye shuka.

"Mimi nimeshajua," alisema akihema. "Kawaambie wao."

Nilikwenda kwa miguu. Sokoni nilimkuta yule mkaangaji amerudi kizimbani kwake kana kwamba hakikufutwa, na karai lake liko jikoni, mafuta yanachemka. Nikamsalimu.