Kikombe Kwenye Msumari

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu salaam. Nimeombwa nieleze nilivyougua kifua kikuu nikapona. Nitasema polepole, pumzi yangu bado fupi.

Kabla sijaugua nilikuwa mtafsiri wa filamu katika banda la video, Mlingotini. Wahusika wanasema lugha yao, mimi nimeshika kipaza sauti nasema Kiswahili. Lugha zao sizijui. Shule niliishia darasa la saba. Natazama uso na midomo, mengine nabuni. Sharti la kazi ni kutokunyamaza, maana ukinyamaza watu wanazomea.

Siku moja ililetwa filamu ya Kitamil, ya siasa. Kwa nilivyoona, mzee wa ukoo unaodharauliwa anachaguliwa mwenyekiti wa kijiji, lakini kwenye mgahawa wa chai bado ana kikombe chake peke yake, kimetundikwa nje kwenye msumari. Anakunywa amesimama, anakiosha, anakitundika. Mwigizaji yule hasemi neno. Mimi nikajaza: "Mzee kafukuzwa na mkewe, sasa anaosha vyombo." Banda zima likacheka. Nikashikwa na kikohozi, mtu akapaza sauti, "Mtafsiri, na wewe umelazwa nje nini?" Wakacheka tena.

Kikohozi kikaingia mwezi wa pili. Usiku shuka linalowa jasho. Suruali nikawa naifunga kwa kamba. Asubuhi moja nikatema damu kwenye beseni. Dada yangu Mwanahamisi, ambaye nilikuwa nakaa kwake, akanipeleka hospitali, Bagamoyo mjini. Wakapima makohozi. Daktari akasema, "Ni kifua kikuu. Dawa miezi sita, kila siku. Ukiacha katikati, utarudi hapa hali mbaya zaidi."

Tulipofika nyumbani, dada alikipaka kikombe changu rangi ya kucha, akapigilia msumari ukutani, upande wa nje.

"Usinichukie, mdogo wangu. Nina watoto."

"Sikuchukii, dada."

Nikawa nanywea nje, naosha, natundika. Ndipo nilipomwelewa mwigizaji yule. Alikuwa akitundika kikombe bila kuutazama msumari, mkono unaujua wenyewe. Baada ya wiki chache na mimi nikawa siutazami. Niliona haya kwa vile nilivyowachekesha watu.

Dawa zilinichosha. Mkojo mwekundu, viungo vinauma, chakula hakipiti. Mara mbili nilitaka kuziacha. Dada alisimama mlangoni mpaka nimeze.

Muuguzi aliyekuwa akinipa dawa, nilipomsimulia habari ya kikombe, alitikisa kichwa. "Kikombe hakina kosa. Ugonjwa huu unapita kwenye hewa. Fungueni madirisha, na wote wa nyumbani waje wapimwe."

Nilifikisha ujumbe. Dada akasema, "Watoto watakwenda. Mimi kikohozi changu ni moshi wa kuni tu."

Watoto walipimwa, wakakutwa wazima. Yeye hakwenda. Nilimsikia jikoni akikohoa, amejiziba mdomo kwa kanga. Nilikijua kikohozi kile, kilikuwa kama changu. Sikumuuliza. Nilifikiri namsitiri, asije na yeye akapigiliwa msumari wa kikombe. Huo ndio ukweli, sina mwingine. Nadhani na yeye aliogopa kile alichonifanyia.

Siku alipoanguka tulimpeleka hospitali. Daktari aliniuliza, "Amekohoa tangu lini?" Nikamjibu. Akaandika. Dada aliishi siku kumi na moja.

Nani alimwambukiza mwenzake, sijui. Sikuambiwa, na sikuthubutu kuuliza. Dawa nilimaliza wiki ya arobaini yake. Makohozi yalipimwa, yako safi. Muuguzi akanipa mkono, akasema, "Umepona, kaka." Nilirudi nyumbani, dada hayupo wa kumpa habari.

Namshukuru Mungu, namshukuru muuguzi, na dada aliyenipeleka kupimwa ilhali mimi sikumpeleka. Ninyi mliokaa hapa, mezeni dawa mpaka mwisho, hata mkichoka. Na ukimsikia wa kwenu anakohoa, usimsitiri. Mshike mkono mwende siku hiyo hiyo. Akikasirika, akasirike mkiwa njiani.