Nilishindana na dada yangu kwa namba za sukari, nikaishia kuwekewa nyaya kifuani

Wakuu, heshima zenu. Haya yamenikuta mwenyewe, na shahidi ni dada yangu, shahidi asiyejua kunyamaza.

Mimi naishi Kongowe ya Kibaha, siyo ile ya Dar. Dada Zuhura yuko Kisarawe, nyumbani kwetu. Wote tuna kisukari, na kila mmoja ana kimashine chake cha kupimia.

Mwaka jana dada akaanza vituko. Kila asubuhi anapima, anapiga picha, anaitupa kwenye group la familia. 5.8. 6.1. Chini anaandika, "Wa Kongowe mmeamkaje?"

Mimi nasoma 9, siku nyingine 11. Hata mke wangu akahamia upande wa wifi yake.

Kilichoniuma ni kwamba dada anakula muhogo wa nazi kwa raha zake. Mimi natafuna majani kama mbuzi na namba haishuki.

Nikajipa udaktari. Kidonge kimoja nikafanya viwili, chakula cha usiku nikafuta.

Wiki ya pili nikapata 4.3. Picha ile niliituma mara tatu, nikasingizia mtandao.

Kuna siku jasho lilikuwa linanitoka ofisini chini ya feni, na moyo unaenda mbio. Nikadhani ndiyo raha ya ushindi (msinicheke).

Jumamosi moja nikaenda Kisarawe kumsalimia, yaani kumringishia.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Mbona umekonda hivyo, mkeo kagoma kupika?"

Nikapima mbele yake. 2.7! Nikafungua mdomo nijisifu, mikono ikaanza kutetemeka, macho yakaingia giza, nikakaa chini palepale uani.

Dada akaona sukari imeshuka kupita kiasi, akaninywesha maji ya sukari, huku ananitukana na kulia kwa pamoja. Nilipopata nguvu akanipeleka hospitali. Nikawekewa nyaya za kupima moyo kifuani, tukaambiwa mapigo hayaendi sawa.

Daktari, binti mdogo tu, akauliza, "Baba yenu alifariki kwa ugonjwa gani?"

Tukatazamana. Baba alianguka shambani akiwa na miaka hamsini na mbili. Walisema moyo. Mimi nina hamsini na moja.

Akasema, "Mmezaliwa tumbo moja, lakini hamkurithi vitu sawasawa. Kuna mtu sukari ikibanwa sana moyo wake unalindwa, na kuna mwingine ikibanwa hivyohivyo moyo unaumia. Vinasaba vinachangia, ila hapa sina kipimo cha kuniambia wewe ni yupi. Kwa hiyo namba yako iwe juu kidogo kuliko ya dada, na vidonge nitapanga mimi."

Wakuu, nimepewa kibali cha daktari cha kushindwa na dada yangu.

Nilitegemea anitanie njia nzima. Badala yake, tulipofika nyumbani akaniambia:

"Mdogo wangu, baba nilimkuta mimi kule shambani, peke yangu. Usinifanye nikukute na wewe."

Miaka yote hiyo sikujua kwamba ni yeye aliyemkuta. Sikuwahi hata kuuliza. Nililia mbele yake, na sioni aibu kuandika.

Nilichojifunza: dozi usijipangie, na namba ya ndugu yako mwachie mwenyewe.

Nyie wenye kisukari kwenye ukoo, mnajua wazazi wenu walikufa kwa ugonjwa gani, au na nyie hamjawahi kuuliza? Semeni hapa chini, nasoma zote.